Uniti Moja, Bei Mbili: Historia Fupi ya Ugomvi wa Sola

Leo tuache kompyuta kidogo tuongee kuhusu mita ya stima. Kwangu mimi mita ni programu ndogo sana: inajumlisha, basi. Kilichowagombanisha wadhibiti na kampuni za stima kwa zaidi ya miaka 40 ni swali hili: ukiweka sola juu ya paa na ziada ikarudi kwenye waya, mita itoe ngapi?

Ugomvi ulianzia Marekani. Mwaka 1978, sheria iitwayo PURPA ililazimisha kampuni kununua stima ya wazalishaji wadogo, kwa bei isiyozidi gharama ambayo zingetumia kuipata kwingine. Mwaka 1983 jimbo la Minnesota likaenda mbali zaidi: mwenye mtambo mdogo alihesabiwa uniti zake kwa bei ya rejareja. Mita za kisahani zilirahisisha mambo, maana stima ikirudi, kisahani nacho kinarudi nyuma. Kampuni zikalalamika kwamba bei ya rejareja ina nguzo, transfoma na mafundi ndani yake.

Haya, turudi kwetu. Kenya iliweka bei maalum za kawi mbadala mwaka 2008, na sola ikaongezwa 2010. Mwaka 2012, sola iliyounganishwa na gridi ikapangiwa senti 12 za dola kwa uniti. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kikaweka paneli za kilowati 600, kikapata mkataba wa kuiuzia Kenya Power ziada. Mwaka huo huo, huku kwenye majani-chai, Williamson Tea ikaweka megawati 1 katika shamba la Changoi. Sola hiyo ilikuwa ya kuendesha kiwanda chenyewe. Kila uniti ya jua ni uniti moja ambayo kiwanda hakinunui tena.

Hapo ndipo Kenya Power ina hoja. Mimi ni mtu wa Chebunyo, huku Chepalungu, tunakofuga ng'ombe. Wateja wa waya wetu ni maduka, kinyozi, mashine ya kusaga unga na balbu za nyumbani. Sidhani tokeni zetu pekee zinatosha kulipia nguzo hizo zote. Pengo linazibwa na wateja wakubwa. Viwanda vikihamia jua, nani ataziba?

Lakini sisi pia tuna jua, na tungependa kurudisha ziada. Kwa hiyo Chebunyo iko pande zote mbili za ugomvi huu.

Sheria ya Kawi ya 2019, iliyoigeuza tume ya ERC kuwa EPRA, iliruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kurudisha stima na kuhesabiwa. Kanuni zake zikachelewa hadi 2024, zikasema ukirudisha uniti 10, unahesabiwa 5. Tufanye hesabu ya duka linalonunua uniti 100 na kurudisha 60 kwa mwezi:

Moja kwa moja: 100 – 60 = 40
Kwa nusu: 100 – 30 = 70

Zile 30 za tofauti ndizo mchango wako kwa waya. Kulipia waya ni haki, maana usiku tunautumia. Ila nusu hiyo ni ile ile kwa nchi nzima. Ziada ya duka la Chebunyo inatumiwa na jirani hapo hapo, wakati stima ya gridi inasafiri mbali na nyingine inapotelea njiani. Mdhibiti akipima upotevu huo kwa kila laini, nadhani uniti ya huku mwisho wa waya itastahili zaidi ya nusu.

Kwa sasa ushauri wangu ni huu: nunua paneli za kutosha kazi zako za mchana, si zaidi. Kusaga, kupasha maji na kupiga pasi, fanya jua likiwa juu. Uniti unayoitumia mwenyewe hakuna anayeikata nusu.

Tuonane tena.