Ruzuku ya Kilimo Hai Ilivyoanza Denmark

Ndugu mkulima, leo tuitazame Denmark, nchi ya siagi na nguruwe. Mwaka 1986 wavuvi wa bahari ya Kattegat walivua kamba waliokwisha kufa. Naitrojeni kutoka mashambani ilikuwa imetiririka baharini, mwani ukastawi kupita kiasi, ukaoza, na hewa ndani ya maji ikapungua. (Ndiyo, hata samadi ikizidi hudhuru.)

Mwaka 1987 Bunge lao likapitisha sheria ya kilimo hai, na Serikali ikaanza kuwapa ruzuku walioacha mbolea za chumvichumvi na dawa za sumu.

Walipwe kwa nini? Hapo ndipo penye kiini. Shamba haligeuki kwa siku moja. Huko Ulaya mazao ya msimu huhitaji kama miaka miwili ya kusubiri kabla ya kuuzwa kwa jina la kilimo hai. Muda wote huo mavuno yanapungua, na bei ni ile ile ya kawaida. Sasa mwenye deni la benki atakula nini? Ruzuku ndiyo iliyoziba pengo hilo.

Mwaka 1992 Jumuiya ya Ulaya nayo ikatoa kanuni ya malipo kama hayo. Ila yalihesabiwa zaidi kwa hekta, basi mwenye eneo kubwa akapokea kingi.