Mtu wa Dirisha la Dawa Hahesabu Tembe Tu

Kuna hii dharau huwa naisikia mtaani: ati yule mtu wa dirisha la dawa ni wa kuhesabu tembe tu, daktari ndiye mwenye kazi. Si kweli, na shahidi wangu hamkumtarajia: Agatha Christie. Ndiyo, huyo huyo wa riwaya za mauaji.

Kabla hajajulikana, Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta mjini Torquay, Uingereza. Akajitolea hospitalini kama muuguzi, baadaye akahamia chumba cha dawa, na mwaka 1917 akapita mtihani wa wasaidizi wa wafamasia. Siku hizo dawa nyingi hazikuja tayari kwa pakiti. Unapima unga kwa mizani, unachanganya dawa za maji, unajaza marhamu vikoponi, unaandika lebo. Mkono ukiteleza, anayelipa ni mgonjwa.

Sasa skizeni hii. Aliisimulia mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1977 akiwa ameshafariki. Alikuwa akifunzwa na mfamasia mmoja wa mjini, mtu wa kujiamini balaa. Siku moja mzee anatengeneza dawa za kuwekwa njia ya haja kubwa, na binti anaona nukta ya desimali haiko pake. Nukta ikisonga nafasi moja tu, 0.1 inakuwa 1, dozi mara kumi! Lakini yeye ni mwanafunzi, nani angemskiza? Akajifanya amejikwaa, zikamwagika chini, akazikanyaga kabisa. Akaomba radhi. Ikabidi zitengenezwe upya.

Ujanja huo naupenda, ila unanisumbua pia, kwa sababu mzee hakuambiwa alikosea wapi. Leo hapa Kenya, mtu aliyesomea famasia miaka mitatu ya diploma akiona dozi haieleweki, anafaa kumpigia daktari simu kabla hajakupa chochote. Kwa hivyo ukicheleweshwa dirishani, usianze kufoka bana.

Na ile "tikisa chupa kabla ya kutumia" tunayopuuza kila siku? Riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles ya 1920, inategemea jambo hilo hilo: sumu inayotulia chini ya chupa, ikingoja dozi ya mwisho. Muuaji simtaji. Jarida la wafamasia la Uingereza liliisifu kwa jinsi ilivyoeleza sumu hiyo, na sifa hiyo aliifurahia sana.