Ever Given: Ilikwama au Ilipwelewa?



Wengi wetu tunaikumbuka ile wiki ya Machi 2021 ambapo kila mtu duniani aligeuka nahodha. Meli ya makontena Ever Given, urefu wake mita 400, ilikaa mshazari ndani ya Mfereji wa Suez Jumanne tarehe 23. Omo ilizama kwenye ukingo wa mashariki, tezi ikaegemea upande wa magharibi, na meli zaidi ya 300 zikapanga foleni kusubiri. Taarifa zote za Kiswahili nilizozisikia zilitumia neno moja: imekwama. Na mie nilitumia hilo hilo. Siku hizi silitumii tena kwa meli ile, na nitaeleza kwa nini.

Naishi Champlin, kando ya mto Mississippi, kaskazini ya Minneapolis. Jioni ya Alkhamisi ya wiki ile nilimpigia simu ami yangu Unguja. Kwao tayari ilikuwa Ijumaa asubuhi. Ami alikuwa nahodha wa jahazi, safari zake Pemba, Tanga na Mombasa, na kisomo chake ni cha chuoni, nakusudia chuo cha Kurani. Shikamoo, marahaba, habari za baridi, kisha nikamtolea mhadhara: upepo wa mchanga, uzito wa meli, makontena 18,000 na ushei, wenye chombo Wajapani, waliokikodi Wataiwani, bendera ya Panama, mabaharia Wahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Ilipanda mwezi ngapi?"

Nikamwambia tarehe 23.

"Sikuulizi ya kizungu."

Tukahesabu. Ilikuwa Shaaban, mwezi tisa au kumi, kutegemea nani aliuona umeandama lini (mjadala huo tuuache, hauna mwisho). Ami akasema: "Basi ilipanda maji mafu. Hiyo imepwelewa tu, mwanangu. Nawangoje bamvua la nusu Shaaban." Nikacheka. Nakiri mbele yenu kwamba kilikuwa kicheko cha mtu mwenye shahada ya udaktari.

Jumapili tarehe 28 mwezi ukapevuka. Jumatatu alfajiri tezi ikafunguka, na mchana wake meli ikaelea.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Mzizi wake ni *pwa*, maji kuondoka ufukweni, ndiko inakotoka pwani. Umbo la *pwelewa* ni lile lile la *fiwa* na *nyeshewa*: mtendaji ni mwingine, wewe ndiye lililokushukia. Aliyefiwa hakufa, na chombo kilichopwelewa hakikuharibika. Maji yamekipwea, na yaliyopwa yatajaa. Kukwama kwaweza kuwa kokote, hata mfupa kooni. Kupanda mwamba ni balaa jingine, maana hapo ubao unavunjika. Watu wa pwani walikuwa na maneno matatu kwa mambo matatu, na sisi tuliosoma tumebaki na moja.

Nami nilikuwa nimeshaonywa kabla. Nilipokuwa mwanafunzi, ufadhili wangu uliisha kabla ya tasnifu, nikamwandikia ami barua kwamba nimekwama. Akajibu kwa herufi zake za Kiarabu: "Umepwelewa." Nikadhani ananisahihisha lugha tu, na kwa kweli iliniudhi kidogo.

Wenye majahazi walikuwa wakipweleza kwa makusudi. Chombo kilipandishwa ufukweni maji yakiwa yamejaa, kikategemezwa kwa magadi, na maji yakishapwa mafundi wakapiga kalafati na kupaka shahamu na chokaa. Ila kuna kanuni. Unapweleza bamvua likiwa linakua. Ukipweleza kwenye kilele chake, kesho maji hayatafika ulipo, na keshokutwa yatafika chini zaidi, ndio utakaa pale wiki mbili kungoja bamvua jingine, na pengine hilo jingine likawa dogo. Kinyume chake, chombo kilichopanda wakati wa maji mafu kina bahati, maana kila siku inayokuja maji yatakuwa makubwa zaidi. Hiyo ndiyo hesabu aliyoifanya ami kwa nusu dakika. Juu ya hayo, mabamvua ya Machi, siku zinapolingana usiku na mchana, ni miongoni mwa makubwa ya mwaka.

Na Ever Given ilikuwa na bahati ya pili, ambayo sikuona ikitajwa sana: ilipanda karibu na mji wa Suez, upande wa kusini, ambako Bahari ya Sham hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita moja. Ingepanda kaskazini, karibu na Port Said, ingeikuta Bahari ya Kati, ambayo kujaa kwake ni kidogo sana. Na huko kaskazini ndiko ilikopanda manuari ya Kimisri Latif, usiku wa kuamkia ufunguzi wa mfereji, 17 Novemba 1869, wakati wafalme na malkia wa Ulaya wameshafika. Yaani mfereji uliziba kabla haujafunguliwa! Ilibidi Khedive Ismail ahangaike yeye mwenyewe na watu wake usiku ule, meli ikaondolewa msafara ukiwa karibu kufika. Na Novemba 2004, meli ya mafuta Tropic Brilliance iliuziba mfereji siku tatu, na haikutoka mpaka ilipopunguzwa sehemu ya mafuta yake.

Sisemi kwamba mwezi peke yake ndio uliofanya kazi. Dau la kuchimbia mchanga, Mashhour, liliondoa mita za ujazo 30,000 hivi, na matagi zaidi ya 10 yalivuta na kusukuma. Waokozi wa Kiholanzi waliijua hesabu ya bamvua vizuri sana, na ndiyo waliyoipangia. Tulioishangaa ni sisi.

Huku niliko nimejifunza upande wa pili wa jambo hili. Duluth, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari kutoka kwangu, kuna mfereji mfupi unaoingiza meli bandarini kutoka Ziwa Superior. Tarehe 28 Novemba 1905, meli ya madini ya chuma Mataafa ilirudi mbio kukimbia dhoruba, ikagonga gati za mfereji ule, ikageuzwa na mawimbi, ikapanda nje kidogo ya mlango na kukatika. Maelfu ya watu wa mji walisimama ufukweni wakiiona, wamewasha moto usiku kucha. Kamba zilizorushwa ziliganda barafu. Kati ya watu 24, waliookolewa kesho yake ni 15. Wale 9 walikuwa upande wa tezi, na baridi ndiyo iliyowamaliza. Nimesimama pale kwenye gati. Umbali wenyewe mtu angeweza kuitana na mwenzake. Ziwa halina bamvua, na hata kama lingekuwa nalo, watu wale hawakuwa na wiki ya kungoja. Kwa Mataafa neno *pwelewa* halifai hata kidogo, ingawa meli yenyewe iliinuliwa mwaka uliofuata, ikatengenezwa na kusafiri miaka mingi.

Halafu kuna kukwama kwenyewe hasa. Ever Given ilipoelea haikwenda mbali. Ilipelekwa Ziwa Chungu Kubwa, katikati ya mfereji, ikazuiwa hapo na mahakama kwa madai ya fidia, ya mwanzo dola milioni 916, na haikuondoka mpaka 7 Julai. Ziwa ni lile lile ambamo meli 14 zilifungiwa vita vya Juni 1967 vilipozuka, zikakaa mpaka 1975, mchanga wa jangwani ukazigeuza rangi ya manjano. Mabaharia wakabuni stempu zao na kufanya michezo yao ya Olimpiki mwaka 1968. Zilizorudi nyumbani kwa mashine zake zenyewe ni mbili tu, Münsterland na Nordwind, za Kijerumani. Zote isipokuwa moja zilikuwa zinaelea siku zote hizo.

Nilimweleza ami habari ya fidia. Akauliza ni pesa ngapi, nikamtajia, akanyamaza, kisha akasema hilo sasa limekwama.

Ami alifariki 2023. Sikuwahi kukaa naye na daftari, na huo ni uzembe wangu, kwa maana muda nilikuwa nao. Ninayo haya machache tu: kupwelewa, kupweleza, kupanda, maji mafu, bamvua. Nina hakika alikuwa na neno la chombo kilichokosa bamvua kikangoja jingine, kwani nililisikia nikiwa mdogo, ila limenitoka. Waliotoka Lamu, Pemba, Mafia na Ngazija, kwenu mwaliitaje?

Wasalaam,
Champlin, Minnesota