Turbo: mashine inayokula moshi wake mwenyewe

Wengi mnaosoma ukurasa huu ni watu wa kompyuta, lakini leo tuache programu kidogo twende Timau, kwenye mashamba ya ngano na shayiri chini ya Mlima Kenya. Huko bado kuna matrekta makubwa na matingatinga ya zamani yanayochapa kazi. Na kuna sentensi moja inayowatoa wenye mashine pesa nyingi: "Turbo imekufa, nunua nyingine." Mara nyingi turbo haijafa. Kujua kwa nini, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1905 mhandisi Mswisi, Alfred Büchi, aliomba hataza ya wazo lake. Aliona kwamba injini hutupa nje joto jingi pamoja na moshi. Je, moshi huo ukizungusha gurudumu, na gurudumu hilo likazungusha pampu ya kusukuma hewa ndani ya silinda? Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yataungua vizuri. Wazo zuri, lakini vyuma vya wakati ule havikulimudu. Ilifika 1925 ndipo dizeli za mitungi 10, zilizofungwa kwenye meli mbili za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zikatoka nguvu farasi 1,750 hadi 2,500.

Katikati hapo kuna kisa kinachowahusu watu wa milimani. Mwaka 1918, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, Marekani, mita 4,300 hivi. Bondeni ilikuwa na nguvu farasi 350; kule juu ikabaki na 230. Alipoifungia turbo ikapata 356. Mlima ulikuwa umenyang'anya hewa, turbo ikairudisha.

Miaka ya 1950 teknolojia hii ikaingia kwenye mashine za udongo. Tingatinga la Caterpillar D9 lilikuwa mojawapo ya za kwanza kuibeba, kwa turbo za kampuni ya Cliff Garrett.

Sasa turudi Timau. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na presha ya hewa imepungua kwa zaidi ya moja ya tano. Hapa ndipo geji inapoweza kukuchanganya. Geji ya turbo husoma tofauti ya presha ya ndani na ya nje. Ikionyesha pauni 20 kwa inchi ya mraba Mombasa, ndani kuna jumla ya karibu 35. Ikionyesha 20 hiyo hiyo Timau, jumla haifiki 32. Tena usiisome mashine ikiwa imesimama gereji inaunguruma tu. Bila mzigo hakuna moto wa kutosha, na bila moto turbo haisukumi. Funga plau, ingia shambani, ndipo usome.

Watu wa programu mtaelewa upesi: huu ni mzunguko. Dizeli huleta moto, moto huleta hewa, hewa huruhusu dizeli zaidi. Kasoro ikiingia popote, dalili itaonekana kwenye turbo. Basi anza kwa kuangalia moshi:

1. Presha ndogo na moshi mweusi: mafuta yapo, hewa haitoshi. Angalia eya klina kwanza, maana vumbi la mavuno halina huruma. Kisha paipu na klipu kati ya turbo na injini. Injini ikiwa imezimwa, jaza hewa ya kompresa kidogo tu na upake maji ya sabuni. Tafuta pia masizi kwenye gasketi za ekzosi kabla ya turbo: moshi ukitorokea hapo, gurudumu halipati chakula.

2. Presha ndogo bila moshi mweusi: huenda dizeli ndiyo haitoshi. Badilisha filta ya dizeli. Kama pampu ina kifaa cha kupima presha ya turbo ndipo iongeze mafuta, kagua kale kapaipu kembamba kanakokiunganisha. Kakipasuka, pampu inabana dizeli, na turbo inasingiziwa.

3. Baada ya hayo ndipo ushike turbo yenyewe. Injini ikiwa imepoa, tikisa mhimili: mabawa yakigusa ukuta, au yakiwa yameliwa na vumbi, hapo kweli ni yake. Uliza pia kilichoiua, la sivyo mpya itafuata. Oili chafu, na kuzima injini ghafla ikitoka kwenye kazi nzito, huua beringi. Iache ingurume dakika tatu hadi tano kwanza.

Büchi hakutengeneza mashine ya kuzalisha nguvu. Alitengeneza ya kurudisha kilichokuwa kinapotea. Kwa hiyo turbo ikikosa nguvu, fuatilia kwanza kinachopotea njiani kabla ya kulipia spea, hasa wakati ngano imeshakauka na mvua inanusa.