Baleti: Miguu hufunguka kwenye nyonga, si kwenye magoti

Mcheza baleti akisimama visigino vimegusana, vidole vinaelekea nje, kimoja kulia kingine kushoto. Wengi hudhani kazi hiyo inafanywa na nyayo. Sivyo. Mguu unatakiwa uzungukie juu kwenye nyonga, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia kwenye tundu lake.

Goti ni kama bawaba ya mlango: kazi yake kukunja na kunyoosha, halipendi kusokotwa. Ukilazimisha vidole vifike nyuzi 180 wakati nyonga zako hazifiki huko, goti ndilo linalosokotwa na unyayo unalalia ndani. Hapo ndipo maumivu ya goti, kifundo na hata mgongo yanapoanzia.

Umbo la mifupa huwezi kulibadilisha. Unachoweza kuongeza ni nguvu ya misuli sita midogo iliyojificha ndani ya makalio, ambayo huzungusha paja kwenda nje, na ile ya pembeni mwa nyonga inayozuia kiuno kisiinamie upande mmoja ukisimama kwa mguu mmoja.

Jaribu haya mara tatu kwa wiki:

1. Fungua goti. Lala ubavu, magoti yamekunjwa. Inua goti la juu bila kuachanisha visigino wala kuangusha kiuno nyuma. Mara 10 hadi 15 kila upande.

2. Bana visigino. Lala kifudifudi, panua magoti, yakunje, visigino vikutane. Bana sekunde 5, legeza. Mara 10.

3. Mguu mmoja. Simama mbele ya kioo kwa sekunde 30. Kiuno kibaki sawa. Ukizoea, kunja goti kidogo, lielekee kidole cha pili cha mguu.

Je, unafungua kupita uwezo wako? Jipime: simama visigino pamoja, vidole nje, kisha kunja magoti taratibu. Magoti yakiangukia ndani ya vidole, umezidisha. Rudisha vidole mpaka vilingane na magoti. Hicho ndicho kipimo chako cha leo, hata kama jirani yako darasani anafungua zaidi.

Nyonga kulia "ko" bila maumivu mara nyingi si tatizo. Lakini ikikwama, au ukisikia maumivu makali kwenye kinena, acha mazoezi na umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.