"By" Nani? Historia ya Neno Dogo Linaloficha Watu Wakubwa

Kila mtu aliyepita shule hapa Kenya anajua ile fomula. "Juma kicked the ball" inageuka "The ball was kicked by Juma." Mpira mbele, Juma nyuma, katikati unabandika "by", unachukua maki yako, unasonga. Tulifunzwa ni kama hiyo "by" ilikuwa hapo tangu dunia iumbwe. Wapi! Na ukiifuata historia yake vizuri, inakutoa darasani inakupeleka mpaka Hola, Tana River, mwaka 1959. Nipe dakika chache tu.

Kiingereza cha kale, kile cha kabla Wanormani kutoka Ufaransa wavamie Uingereza mwaka 1066, kilimtaja mtendaji kwa neno "fram", yaani "kutoka kwa". Ukipigwa, umepigwa kutoka kwa mtu. Walitumia pia "of", na kama mtu alikuwa tu mjumbe au njia, walikuwa na neno lao la "kupitia". Baadaye "of" ikashika usukani. "By" yenyewe kazi yake kubwa ilikuwa "kando ya", kama kusimama kando ya mto. Iliingia kwa kauli ya kutendwa polepole, pengine ikisukumwa na "par" ya Kifaransa, na hadi karibu mwaka 1600 "of" bado ilikuwa ya kawaida. Biblia ya King James ilitoka 1611, na ndani yake utapata "of" sehemu nyingi ambapo leo tungeandika "by". Mwanafunzi wa sekondari akiandika hivyo leo, kalamu nyekundu inamngoja.

Kiswahili hapa kimetulia kuliko Kiingereza, si kujisifu. Alikatwa na Juma, alikatwa kwa kisu. "Na" ni ya mtu, "kwa" ni ya kifaa, kwisha.

Lakini kuna kitu kimoja Kiingereza kilifanya ambacho mimi hukivulia kofia. Kuanzia karibu karne ya 13, watu walianza kubeba kitenzi pamoja na kihusishi chake na kuvigeuza vyote kwa mpigo. "She was laughed at." "The doctor was sent for." "This bed has not been slept in." Hiyo "in" imeachwa mwisho ikining'inia kama makanga mlangoni. Mfaransa hawezi kufanya hivyo kwa lugha yake, Mjerumani pia hawezi. Sisi tunaweza, ila kwa njia tofauti: tunakimeza kihusishi ndani ya kitenzi. Kulala, kulalia, kulaliwa. Kitanda hakijalaliwa. Kukaa, kukalia, kukaliwa. Kiti hiki kimekaliwa. Ile "in" na ile "on" ziko mle ndani ya "i", zimejificha tu.

Wazungu wenyewe walikuja kuona aibu. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa Ben Jonson, ambaye alikuwa amekufa zamani, kwa kuacha vihusishi mwisho wa sentensi. Halafu 1762 askofu Robert Lowth akaandika kitabu cha sarufi akisema mtindo huo unafaa mazungumzo, lakini maandishi mazito yauepuke. Sheria unayopigiwa kelele nayo leo ina mizizi kwa mabwana kama hao, huku watu wa kawaida wakiwa washaongea hivyo miaka mia kadhaa.

Sasa tuje nyumbani. Hapa Kenya utasikia "She was married by Kevo." Mwingereza akisikia hivyo anadhani Kevo ni pasta aliyefungisha ndoa. Yeye angesema "married to". Watu hucheka, ati Kiingereza kibovu. Mimi sioni ubovu, naona Kiswahili kimevaa suti. Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa na mtu, na hiyo "na" ikivuka mpaka inakuwa "by". Hiyo "to" ya Kiingereza haina bwana wala mtwana: yeye ni "married to" wewe, na wewe ni "married to" yeye. Ukiona dada zetu siku hizi wanasisitiza "tumeoana" badala ya "nimeolewa", jua wanapigania jambo hilo hilo. Na mimi niko upande wao.

Lakini mahali kihusishi kinauma zaidi ni pale kinapokosekana. Uzuri wa kauli ya kutendwa, au ubaya, ni kwamba unaweza kukata "by" na sentensi ibaki imesimama. "Pesa ziliibiwa." "Alipigwa risasi." Hakuna mwalimu atakayekukata maki. Mwenye bunduki ameponyoka na sarufi iko sawa kabisa.

Tarehe 3 Machi 1959, kambi ya Hola, wafungwa 11 waliozuiliwa wakati wa vita vya Mau Mau walipigwa na walinzi mpaka wakafa, kwa sababu ya mpango wa kuwalazimisha kufanya kazi. Tangazo la kwanza la serikali ya kikoloni lilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwa mkokoteni wa maji. Soma tena hapo. Hata kauli ya kutendwa hawakuitumia. "Kuuawa" kungemfanya msomaji aulize na nani. "Kufa" hakuulizi mtu kitu. Uchunguzi wa miili ndio ulionyesha majeraha ya kipigo, kelele zikafika bunge la London, na bado hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo.

Ikachukua miaka 54. Tarehe 6 Juni 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni akakiri kwamba Wakenya waliteswa. Ilikubaliwa walalamishi 5,228 walipwe, jumla pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Ukiangalia sentensi yenyewe, mtendaji hakuletwa na "by". Aliletwa na "at the hands of", mikononi mwa, na mikono yenyewe ikatajwa kuwa ya utawala wa kikoloni. Huo ni utawala ambao hapa kwetu ulikunja bendera yake Desemba 1963, kwa hivyo hauna ofisi ya kupelekewa samansi. Kwenye hotuba hiyo hiyo Hague alisema pia kwamba serikali yake inaendelea kukana kuwajibika kisheria.