Mpiga klarineti aliyeongoza Banki Kuu

Alan Greenspan alizaliwa New York mwaka 1926. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya hisa. Wazazi wakaachana, mtoto akalelewa na mama yake, Rose, aliyekuwa mwimbaji na mpiga piano. Si ajabu basi kijana akashika klarineti, tena saksofoni, na mwaka 1943 akaingia Juilliard, shule kubwa ya muziki ya mji ule.

Mwaka 1944 aliiacha, akaenda kupiga katika bendi ya Henry Jerome. Wenzake walipopumzika, yeye alisoma vitabu vya mambo ya feza. Nao wakamletea karatasi zao za kodi awajazie! Lakini zamani kidogo alikuwa amepiga pamoja na kijana mwenziwe, Stan Getz, ambaye baadaye alijulikana duniani pote. Kwa kumsikia tu alitambua kwamba kipaji kile yeye hana. Kujipima hivyo katika ujana si jambo jepesi, nasi twamsifu kwalo kuliko kwa vyeo vyake. Mwaka 1945 akaingia chuo kikuu, kusoma uchumi.

Toka 1987 hata 2006 aliongoza Banki Kuu ya Marekani. Alisadiki kwamba mabanki yatajichunga yenyewe, kwani nani apendaye kupoteza mali yake? Mwaka 2008 mabanki makubwa yakaanguka, watu wengi wakanyang'anywa nyumba zao. Mwezi wa Oktoba, mbele ya wabunge, mzee huyu wa miaka 82 akakiri kwamba ameona kasoro katika fikira aliyoishika miaka arobaini na zaidi.